Shajara ya mradi: pumzi za wiki ya sita

Januari, mashine ya kupima pumzi bado haijafika

Swali letu ni moja: mtoto aliyekua kwa kusuasua tumboni, mapafu yake yanapumuaje akifikisha wiki sita? Tuko wakunga wawili, daktari wa utrasaundi na kijana wa takwimu, katika hospitali ya wilaya mkoani Tanga. Kwa sasa tunajaribu tu kama kipimo kinawezekana hapa kwetu, nani akishike na wapi kitakwama. Humu hamtakuta matokeo. Naandika ili atakayekuja baada yetu asianzie sifuri.

Kwa nini wiki sita? Kwanza, mama anakuja mwenyewe. Wiki ya sita ndiyo ya chanjo ya pentavalenti ya kwanza, kwa hiyo hakuna kumfuata mtu kijijini kwa bodaboda. Pili, na hili ndilo kubwa, ni mapema. Wengi wao kifua bado hakijaguswa. Ukisubiri mwaka, utamkuta mtoto ameshaugua nimonia au mafua ya kifuani, na hapo hujui tena kama pafu lilikuwa dhaifu ndipo likaugua, au liliugua ndipo likadhoofika.

Wenzetu wa Tucson, Arizona, waliliona hilo zamani. Waliwapima watoto kabla hawajaugua kifua hata mara moja, na ripoti yao ya 1988 ikaonyesha kwamba wale ambao baadaye kifua kilipiga miluzi walipougua, walikuwa na kipimo cha chini tangu mwanzo. Oslo, Norway, walipima vichanga siku chache baada ya kuzaliwa, wakawafuata hadi miaka 10. Ripoti yao ya 2006 inasema hivi: kati ya waliokuwa nusu ya chini kwenye kipimo kimoja cha kupumua, 24.3% walikuwa wameshapata pumu; kati ya waliokuwa nusu ya juu, 16.2%. Kwa mtoto mmoja mmoja hiyo haitabiri kitu. Kwa kundi zima, inaeleza mengi.

Daktari kiongozi aliniuliza kwenye kikao cha asubuhi: “Sista, wodini tuna upungufu wa kila kitu, wewe unataka kupima pumzi za watoto wazima wasioumwa?” Nikamjibu kwa habari ya Hertfordshire, Uingereza. Kuanzia 1911 wauguzi wa kule walikuwa wakiandika kwenye madaftari uzito wa mtoto akizaliwa na akifikisha mwaka. Miongo ikapita. David Barker na wenzake wakayafukua madaftari yale, wakawafuatilia wanaume 5,718 waliozaliwa kati ya 1911 na 1930, na mwaka 1991 wakatoa ripoti: kadiri uzito wa kuzaliwa ulivyokuwa mkubwa, ndivyo vifo vya ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa vilivyopungua. Wanaume 825 walipulizishwa hewa wakiwa na miaka 59 hadi 70. Kila ratili moja ya uzito wa kuzaliwa, yaani gramu 450 hivi, ilikwenda na ongezeko la lita 0.06 za hewa inayotoka kwa nguvu katika sekunde ya kwanza, hata baada ya kuweka sigara na hali ya maisha kwenye hesabu.

Lita 0.06 ni kidogo, na daktari alisema hivyo hivyo. Lakini mimi madaftari ndiyo yaliyonivutia, na siku ile ile nilikwenda kufungua kitabu chetu cha MTUHA, yaani cha kumbukumbu za huduma, cha wodi ya wazazi. Nikashusha kidole kwenye safu ya uzito: 3.0, 3.0, 2.5, 3.0, 3.5, 3.0. Ukurasa mzima unaishia kwenye sifuri na tano. Watoto hawazaliwi hivyo. Ni sisi tunaozungusha, usiku, mzani wa mshale, taa hafifu, mama mwingine anaita. Kwa kazi ya wodi inatosha. Kwa swali hili haitoshi hata kidogo, maana tofauti tunayoitafuta inaweza kuwa ndani ya hizo gramu zilizozungushwa. Kitu cha kwanza kununuliwa na mradi kitakuwa mzani wa kidijitali unaosoma gramu kumi kumi.

Februari: tarehe, tarehe, tarehe

Mwezi huu wote tumebishana juu ya tarehe mimba ilipoanza.

Chukua watoto wawili, wote kilo 2.7. Mmoja amezaliwa na mama mfupi na baba mfupi, amekua kwa mwendo wake tangu mwanzo, hana shida. Mwingine alikuwa anaelekea kilo 3.4, kondo likashindwa kazi miezi ya mwisho, akapunguza mwendo. Kwenye kitabu ni watoto sawa. Uzito wa kuzaliwa ni kama saa ambayo basi la Dar limeingia stendi ya Tanga: unajua limechelewa, hujui kama lilikuwa linatambaa njia nzima au lilikwama Segera. Kwa mapafu tofauti hiyo ina maana kubwa, kwa sababu pafu halijengwi lote kwa wakati mmoja.

Njia za hewa zinachipuka na kugawanyika mapema. Kufikia kama wiki ya 16 au 17 matawi yote yanayopitisha hewa yameshagawanyika. Baada ya hapo yanarefuka na kupanuka, lakini matawi mapya hayaongezwi. Kisha inafuata kazi ya mishipa midogo ya damu na vijumba vya mwanzo vya hewa, na kuanzia wiki ya 24 hivi safaktanti inaanza kutengenezwa, ule utelezi unaozuia vifuko visigandamane mtoto akitoa pumzi. Vifuko vyenyewe vya hewa vinaanza kuongezeka kwa kasi wiki za mwisho za mimba na vinaendelea miaka kadhaa baada ya kuzaliwa. Kwa hiyo mimba iliyosuasua mwanzoni na mimba iliyosuasua mwishoni zinaweza kuacha alama mbili tofauti: ya kwanza kwenye mabomba, ya pili kwenye vifuko. Aberdeen, Uskoti, walipima vijusi kwa utrasaundi tangu miezi mitatu ya mwanzo na kuwafuata watoto hadi umri wa shule, na ukubwa wa mapema kabisa tumboni ulionekana kuhusiana na pumu na nguvu ya kupuliza baadaye. Kijusi chenye urefu wa sentimita chache! Mimi bado inanishangaza.

Sasa, ili useme mtoto amepunguza mwendo lazima ujue ameanza safari lini. Tarehe ya hedhi ya mwisho kwetu ni kitendawili. “Ilikuwa kabla ya Ramadhani, au ndani ya Ramadhani,” mama mmoja aliniambia juzi, na hakuwa akinikwepa. Ndivyo watu wanavyokumbuka. Wengine walishika mimba bado wananyonyesha, hedhi haikuwa imerudi. Tepu ya kupimia tumbo inasaidia kliniki, lakini ukiitumia kukadiria umri wa mimba halafu ukaitumia tena kusema mtoto ni mdogo, unazunguka mle mle.

Njia iliyonyooka ni utrasaundi ya mapema, kati ya wiki ya 9 na ya 14, kupima urefu wa kijusi kutoka utosini hadi makalioni. Umri huo watoto wanapishana kidogo sana. Kwa vipimo vya baadaye tutatumia viwango vya kimataifa vya ukuaji wa mtoto tumboni, INTERGROWTH-21st, vilivyotolewa 2014. Daktari wa utrasaundi alikuwa na wasiwasi kwamba ni vya Wazungu. Si kweli: walipima wajawazito wenye afya na lishe nzuri katika miji na maeneo manane, na kati ya hayo kuna Parklands, Nairobi, na kuna Muscat, Oman, pamoja na Nagpur, Pelotas, Turin, Oxford, Seattle na Shunyi karibu na Beijing. Akacheka, akasema kama Muscat na Nairobi wamo, basi watu wa pwani tumeshahesabiwa.

Tatizo lililobaki ni kwamba wengi wanaanza kliniki wakiwa wameshapita wiki ya 14. Mimba changa haitangazwi. Watu wana sababu zao na sina nia ya kugombana nazo. Tumekubaliana na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapite wakisema tu kwamba kipimo cha mapema kipo na hakina malipo. Atakayekuja amechelewa atahudumiwa kama kawaida, ila jina lake halitaingia kwenye orodha ya mradi. Inauma kumwacha mtu, lakini tarehe mbovu ikiingia haitoki.

Machi: mtoto alale

Mashine imefika. Ni kijisanduku chenye kihisio kinachopitisha mawimbi ya sauti kwenye hewa mtoto anayopumua, kikajua kasi yake na kiasi chake. Inaunganishwa na kompyuta mpakato. Mtoto analala chali, shingo imenyooka, barakoa ndogo ya silikoni inafunika pua na mdomo pamoja, tunasubiri. Hakuna dawa ya usingizi. Zamani maabara nyingi za Ulaya na Marekani zilitumia dawa ya usingizi na koti la kubana kifua ili hewa itoke kwa nguvu. Inatoa taarifa nyingi zaidi, lakini sitathubutu kumwomba mama wa Tanga ruhusa hiyo kwa mtoto mzima, na kamati ya maadili isingekubali. Kituo cha Paarl, Afrika Kusini, kwenye utafiti wa Drakenstein, wamepima mamia ya watoto wa wiki sita bila dawa yoyote. Kama Paarl wameweza, sisi je?

Basi mazoezi. Mtoto akishalala bado hujafika. Watoto wa umri huu wanaingia usingizini kwa mlango wa usingizi mwepesi: macho yanacheza chini ya kope, midomo inatabasamu peke yake, pumzi inakwenda mbio, inasimama, inakwenda tena. Ukipima hapo unapata fujo. Unakaa. Mama anaendelea kumpapasa. Halafu ghafla uso unatulia, vidole vinafunguka, pumzi inashika mwendo mmoja kama mtu anayetembea bila haraka. Hapo unaweka barakoa, ukianzia kidevuni kwenda puani, taratibu, na dole gumba lako linahisi kama ukingo umekaa. Ukivuja kidogo tu, skrini inakuambia: kitanzi hakifungi.

Kila pumzi inachora kitanzi. Mtoto wa wiki sita anavuta kama mililita 30 hadi 40 kwa pumzi moja, haijazi kikombe kidogo cha kahawa cha wazee wa barazani. Tunachosoma ni kiasi hicho, idadi ya pumzi kwa dakika, na uwiano mmoja: hewa inapotoka, imechukua sehemu gani ya muda wote wa kutoa pumzi kabla ya kufikia kasi yake ya juu. Mtoto mwenye njia pana anapanda polepole, anashuka polepole. Mwenye njia nyembamba, kasi inapanda upesi halafu mkia wa kitanzi unabonyea. Tunalenga pumzi 100 tulivu mfululizo kwa kila mtoto.

Bibi mmoja alimsindikiza binti yake. Kuona barakoa akasimama.

“Mnamziba pua mjukuu wangu?”

“Shikamoo bibi. Hatumzibi, hewa inapita hapa, weka mkono wako uisikie.”

“Marahaba.” Akaweka kiganja nyuma ya kijibomba. Akakaa nacho pale kitambo, akasikia kijiupepo kinaingia na kutoka. “Kidogo hivi?” Akageuka kwa binti yake: “Na wewe ulikuwa hivi hivi, ukazaliwa kama panya, nikakuweka kifuani mwezi mzima.”

Mama mwenyewe, kumbe, alizaliwa njiti. Hiyo haiko popote kwenye fomu zetu. Tumeongeza swali: uzito wa mama mwenyewe alipozaliwa, kama unajulikana, na kama bibi yupo, aulizwe bibi.

Mambo madogo ya chumba: feni izimwe, maana upepo wake unacheza na kihisio. Kipimo kifanyike kabla ya sindano, si baada. Anyonye kwanza, acheue, ndipo alale. Asubuhi kabla ya saa nne kunafaa. Mchana joto la Tanga linamfanya mtoto apumue haraka na kihisio kinakusanya unyevu. Na simu, jamani, simu za watu zizimwe.

Aprili: ugomvi wa takwimu

Kijana wa takwimu ana msemo wake: “Mnataka kuuliza swali lipi?” Analirudia hadi tunachoka, ila ana haki.

Mtoto aliyezaliwa mdogo, wiki ya sita bado ni mdogo. Pafu lake dogo, pumzi yake ndogo. Je, hilo ni jambo la ajabu? Mwili mdogo una pafu dogo. Ukigawa kiasi cha pumzi kwa kilo alizonazo siku hiyo, tofauti inaweza kupotea kabisa. Daktari wa utrasaundi akasema basi tugawe. Nikasema tusigawe, kwa sababu uzito wa leo ni mtoto wa ukuaji wa jana. Ukiuondoa umeondoa sehemu ya kile unachokitafuta. Tumekubaliana kufanya yote mawili na kuyaita kwa majina tofauti: moja linauliza kama pafu ni dogo, lingine linauliza kama pafu ni dogo kuliko mwili unavyostahili. La pili ndilo linalonikosesha usingizi.

Kuna sababu ya kuamini la pili lipo. Mwaka 2004 kikundi cha Southampton kilipima watoto waliotimiza miezi ya mimba, wakiwa na umri wa wiki 5 hadi 14. Waliozaliwa wadogo walikuwa na mtiririko wa chini wa hewa. Hilo lilitarajiwa. Lakini pia walioongezeka uzito kwa kasi baada ya kuzaliwa walikuwa chini. Sisi wakunga tunashangilia mtoto mdogo anaponenepa haraka, na tutaendelea kushangilia, kwa kuwa mtoto mwenye uzito pungufu asiponenepa ana hatari kubwa zaidi. Ila inaonekana mwili unaweza kukimbia na kuliacha pafu nyuma. Mwaka huo huo kikundi cha London kilipima watoto wa akina mama wasiovuta sigara, na wale waliozaliwa wadogo kwa umri wao bado walikuwa chini. Kwa hiyo sigara peke yake haielezi kila kitu.

Na kondoo nao wametoa ushahidi. Gert Maritz wa Chuo Kikuu cha Western Cape na Richard Harding wa Monash, Australia, pamoja na wenzao, waliangalia wanakondoo waliobanwa ukuaji mwisho wa mimba. Walikuta vifuko vya hewa vichache na ukuta mnene kati ya hewa na damu, na unene ule ulikuwepo bado kondoo walipokuwa wakubwa. Kondoo hawavuti sigara wala hawapiki kwa kuni.

Upande wa pili wa mizani naweka njaa ya Uholanzi ya 1944 na 1945. Watu waliokuwa tumboni wakati ule, hasa katikati ya mimba, walikuja kuwa na magonjwa ya kuziba njia za hewa zaidi ya wengine, lakini walipopulizishwa mashine utu uzima, kipimo hakikuonyesha tofauti. Maana yake pengine shida nyingine haziko kwenye ukubwa wa pafu. Ziko kwenye jinsi njia za hewa zinavyochokozeka. Mashine yetu haitaona hilo, na itaandikwa hivyo kwenye ripoti.

Tumetenganisha pia njiti na wadogo. Aliyezaliwa wiki ya 33 na kilo 2.0 ametoka mapema. Aliyezaliwa wiki ya 39 na kilo 2.0 amekua vibaya. Kwenye lugha ya wodi wote ni “uzito pungufu”. Kwenye uchambuzi hawatakaa pamoja.

Mei: moshi, mbu na sahani

Fomu ya mazingira imechukua muda kuliko tulivyofikiri, kwa sababu chochote kinachomzuia mtoto kukua tumboni kinaweza pia kuligusa pafu moja kwa moja. Moshi ni mfano. Kintampo, Ghana, wajawazito walivaa vifaa vidogo vya kupima hewa ya kaboni monoksidi kwa siku kadhaa, mara kadhaa katika mimba, kisha watoto wakapimwa pumzi wakiwa na mwezi mmoja. Ripoti ya 2019 ilionyesha kwamba moshi mwingi zaidi wakati wa mimba ulikwenda na kipimo kibaya zaidi, hasa kwa watoto wa kike. Sisi hatuna fedha ya vifaa vile. Tutauliza: kuni, mkaa au gesi; jiko liko ndani au nje; nani anapika. Swali la “nani” lilitoka kwa dada wa chanjo. Kuna nyumba mjamzito hapiki, anapika wifi, na kuna nyumba anapikia watu wote hadi uchungu unamshika.

Malaria ya kondo inamnyima mtoto chakula tumboni, na huku Tanga ipo. Tutaandika dozi za SP, dawa ya kuzuia malaria kwa wajawazito, kutoka kwenye kadi ya kliniki, si kwa kuuliza, maana kila mtu husema amemeza. Mzunguko wa mkono wa mama, unaoonyesha hali yake ya lishe, utapimwa mara ya kwanza anapokuja. Sigara kwa wanawake wa hapa ni chache, ugoro tumeuongeza.

Mtu akiniuliza kama lolote kati ya haya linatibika, namtajia Oregon, Marekani. Mwaka 2014 Cindy McEvoy na wenzake waliwapa wajawazito wavutaji walioshindwa kuacha sigara vitamini C miligramu 500 kila siku, wengine wakapewa kidonge kitupu. Watoto walipimwa ndani ya saa 72 tangu kuzaliwa, na ule uwiano wa kitanzi ulikuwa 0.383 kwa watoto wa waliopewa vitamini C, dhidi ya 0.345 kwa wa kidonge kitupu. Sisemi tugawe vitamini C Tanga. Akina mama wale walikuwa wavutaji, na hapa machungwa ya Muheza hayana uhaba. Nasema tu kwamba ukuaji wa pafu lililo tumboni unaweza kubadilishwa.

Tulipofika

Chumba kipo, kina pazia zito na kitanda cha mama pembeni, si kiti. Umeme ukikatika katikati ya kipimo kompyuta inaendelea lakini mashine inazima, kwa hiyo tumeagiza betri. Sirinji ya mililita 100 ya kusawazishia mashine inatumika kila asubuhi kabla ya mtoto wa kwanza, na anayeisukuma anasaini. Vitanzi vitasomwa na watu wawili tofauti wasiojua uzito wa kuzaliwa wa mtoto. Mtu wa pili bado hatujampata, na kijana wa takwimu amekataa katakata kuwa yeye.

Akina mama waliopimwa utrasaundi Februari wanatarajiwa kuanza kujifungua Agosti. Vipimo rasmi vitaanza mwishoni mwa Septemba, Jumanne na Alhamisi, siku za chanjo.